Kadeti wa sekondari wanasoma nini, na namna ya kuyafundisha hayo skulini kwetu Pemba

Ukitaka kuanzisha kikundi cha vijana skulini kwenu kwa mfano wa kadeti wa Marekani, anza na daftari, filimbi utanunua baadae. Nasema hivi kwa sababu mie nilianza na filimbi. Miaka mitatu nyuma nilikusanya vijana wa kidato cha pili na cha tatu, thelathini na kitu hivi, kila Jumamosi asubuhi uwanjani, mguu sawa mguu pande, kulia geuka kushoto geuka, jua la saa nne linawaka utosini, na wiki ya sita nikabaki na kumi na moja. Wale kumi na moja walikuwa wanajua kugeuka vizuri sana, lkn siku moja nilichelewa nusu saa nikawakuta wamekaa chini ya muembe kila mtu na lake, hakuna hata mmoja alowaza kuwapanga wenzake au kuanza bila mie. Siku ile iliniuma kweli, mana niliona wazi kwamba nimewafundisha kungoja amri na uongozi wenyewe sijaugusa.

Mtoto wa dada yangu anasoma sekondari Ohio huko Marekani na yumo kwenye kadeti, programu yao inaitwa JROTC. Alipokuja likizo kwetu Chake Chake, Pemba, akaja na daftari lake la somo hilo, nikamwambia hebu nilione. Kurasa za mwanzo hamna kwata kabisa. Kuna namna ya kupanga wiki yako, namna ya kuandika lengo ambalo unaweza kulipima, namna ya kumsikiliza mtu bila kumkata kauli, namna ya kusimama mbele ya watu ukasema dakika tatu zenye kichwa na miguu. Nikamuuliza na gwaride je, akanambia "Mjomba, kwata kwetu ni siku moja kwa wiki, na siku moja ya kuvaa yunifomu tukakaguliwa, zilobaki tumo darasani." Hapo ndo nikaanza upya, na haya nnayoandika ni yale nilojifunza tangu siku hiyo, nawaandikia walimu wenzangu na vijana wanaotaka kujianzishia.

Kwanza tuelewane hichi kitu ni nini, mana watu wanachanganya. JROTC ilianzishwa na sheria ya ulinzi ya Marekani ya mwaka 1916, ni somo la sekondari kama masomo mengine, lina alama na mtihani, linachukua miaka minne kwa anaetaka kulimaliza lote. Walimu wake wengi ni wanajeshi wastaafu. Jeshi la nchi kavu lina mtaala wake, wanamaji wana wao ambao unaingia sana kwenye bahari na unahodha, jeshi la anga wana wao wa ndege na hali ya hewa na anga za juu. Lengo lililoandikwa la upande wa nchi kavu ni kuwapa vijana moyo wa kuwa raia bora, basi, na anaesoma hana deni la kwenda jeshini. Akiamua mwenyewe kujiunga baadae basi miaka yake ya kadeti inaweza kumpa cheo cha juu kidogo kwa kuanzia, lkn wengi wanakwenda vyuo na kazi zao nyengine. Kwahiyo usiilinganishe na JKT ya mujibu wa sheria wanayokwenda wahitimu wa kidato cha sita, wala na JKU yetu, Jeshi la Kujenga Uchumi la hapa Zanzibar. Zile ni kambi na zina sheria zake. Hii ni darasa, kengele ikilia mtoto anakwenda hesabu.

Kadeti wa jeshi la nchi kavu miaka yao minne wanaiita LET 1 mpaka LET 4, LET maana yake elimu na mafunzo ya uongozi, na ukiitazama utaona ina ngazi. Mwaka wa kwanza mtoto anajifunza kujiongoza mwenyewe na kumfuata kiongozi vizuri, wa pili anapewa watu wachache, kama kikosi kidogo cha watu wanane tisa, wa tatu anapanga na kufundisha wenzake, na wa nne anaendesha batalioni nzima ya skuli huku mwalimu amekaa pembeni. Mie hapa ndo nilipoona kosa langu, nilitaka kidato cha pili waongoze kabla hawajajua kujiamsha wenyewe saa kumi na moja bila ya mama kugonga mlango.

Basi mwezi wa kwanza wako ufanye hivi. Kila kijana awe na daftari la kurasa arubaini na nane, lile la bei ndogo linatosha. Ukurasa wa kwanza aandike wiki yake ilivyo, kweli kweli, saa ya kuamka, chuo cha Kurani, skuli, kazi za nyumbani, mpira, simu. Asiandike anavyotaka iwe, aandike ilivyo. Wiki ya pili achague jambo moja dogo la kubadilisha na aliandike kwa namna ambayo mtu mwengine anaweza kumkagua, mfano "ntajibu maswali matano ya hesabu kila siku baada ya Isha mpaka mwisho wa mwezi". Halafu umpe mwenzake mmoja wa kumuuliza kila Jumamosi. Kijana mmoja aliandika atamchotea maji bibi yake kila asubuhi, mwenzake akawa anakwenda mpaka kwa bibi kuuliza kama kweli, na bibi akawa anacheka anasema "leo kaleta ndoo mbili, jana moja". Yule mtoto leo ndie nnaemtegemea kuliko wote na wallahi sikumfundisha kitu chengine zaidi ya kile.

Kadeti wa jeshi la nchi kavu wana tunu saba wanazozisoma, ukiziweka kwa Kiswahili chetu ni uaminifu kwa wenzako, wajibu, heshima, kujitolea, hadhi, uadilifu na ujasiri wa nafsi. Usiwakaririshe. Chukua moja kwa wiki na uliza swali la maisha yao. Wajibu, sawa, rafiki yako kanakili mtihani na wewe ndie kiranja, unafanya nini? Waache wabishane robo saa, wewe kazi yako kuhakikisha kila mtu kasema na hakuna alokatwa kauli. Wana pia zoezi la tabia kwa rangi, kahawia ni mtu wa utaratibu na kujenga, kijani wa kupanga na kufikiri, buluu wa mahusiano na watu, nyekundu wa kuthubutu na vitendo. Mie nnalitumia mara moja tu mwanzo wa mwaka ili wajue kwamba mwenzako anaekukera pengine kaumbwa kutazama mambo kwa upande mwengine, ila usimgande mtoto na rangi moja mana watoto wanabadilika na wanaamini haraka unachowambia kuhusu wao.

Sasa kwata. Naipenda na siiachi, lkn ujue inafundisha nini. Kadeti wa kule wanatembea hatua 120 kwa dakika, hatua moja kama sentimita 76, na sababu ya kupima vile ni kwamba watu arubaini wakitembea pamoja bila kipimo kimoja safu inavunjika. Kila amri ina sehemu mbili, ya kutayarisha na ya kutenda. Ukisema "nyuma..." kila mtu anajua kinachokuja na mwili unajiweka tayari, unaacha nafasi ya pumzi moja, halafu "geuka!" Ukizisema zote kwa mkupuo mmoja nusu watageuka na nusu watabaki wanakutazama, na hilo sio kosa lao ni la alotoa amri. Hapo ndo kuna darasa lenyewe. Kwahiyo kila mtoto lazima atoe amri, asiwe yule yule mwenye sauti kubwa kila siku.

Nna msichana mmoja wa kidato cha tatu, sauti yake ndogo mpaka darasani huwa namuinamia kumsikia, siku yake ya kwanza alisimama mbele kakamata pindo la ushungi, akasema "mguu sawa" wakamsikia wa mstari wa mbele tu. Wa nyuma wakacheka. Nikamwambia mwanangu usipige kelele, jaza pumzi tumboni halafu mwite mtu alo kwenye ngalawa na wewe uko pwani. Huyo ni mtoto wa mvuvi, anajua namna ya kumwita baba yake. Akavuta pumzi, na ile amri ilitoka mpaka muuza juisi alo nje ya ukuta akageuka. Hakuna alocheka tena. Na kwa wazee wanaouliza habari ya ushungi, hata huko Marekani jambo hili lilizusha mjadala mwaka 2011 na jeshi likaja kukubali kadeti wa Kiislamu avae ushungi na yunifomu yake, kwahiyo kwetu hilo lisiwe hata swali.

Kwata usizidishe dakika ishirini na tano kwa Jumamosi, na ifanye mapema, saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Jambo ambalo limenisaidia kuliko yote ni kugawana kazi. Batalioni ya kadeti ina kamanda na msaidizi wake na chini yao meza zenye namba, ya kwanza inashughulika na watu na mahudhurio, ya pili taarifa na usalama, ya tatu mafunzo na ratiba, ya nne vifaa, ya tano habari na mahusiano na watu wa nje. Nilizichukua zote tano kama zilivyo nikatafuta vijana kumi, wawili kila meza, na wanabadilishana kila baada ya miezi mitatu. Meza ya kwanza ndo wenye rejista, mie siiti majina tena. Meza ya nne wanajua kamba ziko ngapi na ndoo ziko kwa nani.

Ntakupeni mfano mmoja kwa urefu mana hapa ndo penye kitu. Kadeti wanafanya pia mradi wa kuitumikia jamii, na mradi wenyewe unafundishwa kama somo, unachunguza tatizo, unapanga, unafanya, halafu unakaa kulitafakari. Vijana wangu wakachagua kupanda mikoko sehemu moja ya pwani ambayo ilikatwa kwa kuni mpaka maji yakaanza kula shamba la watu. Wakapanga wenyewe. Meza ya tatu wakaandika ratiba, Jumamosi saa nne kamili tuwe pwani, meza ya nne wakakusanya mbegu ndefu za mkoko zaidi ya mia mbili kwenye vipolo, meza ya tano wakaenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, kuomba ruhusa, kila kitu safi. Tumefika saa nne pale, maji yamejaa. Zilikuwa siku za maji mafu, na maji mafu kwetu saa nne asubuhi bahari imejaa, kila mtoto wa Pemba anajua hilo, na watoto thelathini wa Pemba wamesimama na vipolo vyao wanatazama maji.

Mie nilikuwa najua tangu Alkhamisi. Niliona ile ratiba nikanyamaza, na kunyamaza kule kulinipa tabu usiku mzima, lkn ningesema wangekuwa wametii tu kama zamani.

Tukakaa chini ya mkadi pale pale nikawapa maswali manne ambayo kadeti wanayatumia baada ya kila kazi. Tulipanga nini? Kimetokea nini? Kwa nini kimetokea? Mara nyengine tutafanyaje? Sharti lake ni moja, huruhusiwi kusema "fulani kakosea", unasema "sisi hatuku..." na kitendo. Meza ya pili, wale wa taarifa, wakainua mkono wenyewe wakasema sisi hatukuuliza maji. Msichana wa ngalawa akasema baba alikuwa nyumbani, ingetosha kumuuliza wakati wa kula. Wakaamua pale pale kwamba kila mpango una mstari wa "tumemuuliza nani anaejua", na mpaka leo mstari huo upo. Mbegu tukaziweka kivulini kwenye maji kidogo, wiki ilofuata bamvua, saa nne maji yametoka mbali kabisa, matope mpaka magotini, tukapanda zote mpaka adhuhuri. Nyingi zimeshika, nimekwenda kuzitazama juzi zinanifika kiunoni.

Somo la ramani nalo ni utamu mtupu kwa sie wa visiwani lkn angalia usilichukue kavu kavu kutoka vitabu vya kule. Wao wanafundishwa kutafuta kaskazini usiku kwa nyota ya jaa. Sie tuko kama nyuzi tano kusini ya ikweta, nyota hiyo haipandi kwetu, iko chini ya upeo wa macho, utamchosha mtoto bure. Tumia Msalaba wa Kusini kwa usiku, na kwa mchana tumia kijiti. Simika kijiti cha mita moja pahala tambarare, weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli, ngoja dakika ishirini, weka kijiwe cha pili kwenye ncha mpya. Simama kijiwe cha kwanza kiwe kushoto kwako na cha pili kulia, hapo umeelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kwetu na adhuhuri kijiti hakina kivuli kabisa, kwahiyo miezi hiyo fanyeni asubuhi.

Mara ya kwanza tulivyofanya zoezi hili mtoto mmoja akainua kichwa akasema ticha mbona huku ndo kunako mihrabu ya msikiti? Nikamwambia angalia ramani ya dunia ukutani Jumatatu. Makka na Chake ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, Makka iko kaskazini yetu takriban moja kwa moja, na ndo mana wazee wetu wakisema kibla wanakuwa wameshasema kaskazini. Lile darasa halijasahaulika na sikulipanga.

Baada ya hapo wafundishe kuhesabu hatua, pima mita 100 kwa kamba, mtoto atembee mwendo wake wa kawaida ahesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga, wengi wanaangukia baina ya 60 na 70, kila mtu aandike namba yake kwenye daftari ni yake peke yake. Halafu skeli, ramani ya 1:50,000 sentimita mbili ni kilomita moja. Halafu dira kama mnayo, simu nyingi zinayo. Siku ya mtihani wape karatasi yenye vituo vitano kuzunguka skuli na mashamba ya jirani mkishaomba ruhusa kwa wenye mashamba, wawili wawili, bila simu.

Huduma ya kwanza usifundishe wewe kama hujasomea, tafuta nesi au mtu wa Msalaba Mwekundu, wanakuja ukiwaomba vizuri. Kadeti wanasoma kuzuia damu, kuvunjika, kuungua, joto kali na kuhuisha moyo. Wewe hakikisha mambo yanarudiwa mpaka mikono ikajua yenyewe. Damu inayotoka kwa nguvu unakandamiza juu ya jeraha kwa kitambaa safi na huondoi mkono kuchungulia. Aloungua anamwagiwa maji ya kawaida yanayotiririka dakika ishirini, dawa ya meno na unga wa ngano viacheni jikoni na chooni vinakokaa. Kukandamiza kifua kwa mtu mzima ni mara 30 halafu pumzi 2, kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, na alozama majini anahitaji pumzi mapema mana kilichomfika ni kukosa hewa. Haya kwetu sio mambo ya kupita tu kwenye kitabu. Septemba 2011 ilipozama meli ya Spice Islander ikija Pemba hakuna shehia hapa ambayo haikulia, na vijana nlonao sasa wengine ni wa nyumba zilizopoteza watu. Kwahiyo mie nimeongeza jambo ambalo sikulikuta kwenye daftari la mpwa wangu, kila kijana avae jaketi la kuokolea na afunge kamba zake akiwa kafumba macho. Tuliazima majaketi sita kwa watu wa boti, wanapokezana.

Uraia kule ni sehemu kubwa, wanasoma katiba yao na haki zao na namna serikali inavyokaa, na hawasomi kwa kusikiliza tu, wanapewa kesi ya kuijadili wakafika pahala pa kuamua. Kwetu mtoto anatakiwa ajue kwamba yuko chini ya katiba mbili, ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na ya Zanzibar ya 1984, ajue Baraza la Wawakilishi linafanya nini na sheha anafanya nini. Tulimwita sheha akakaa mbele ya vijana akaulizwa maswali saa nzima, meza ya tano ndo waliandaa maswali na kumpelekea mapema kwa adabu ili asije kushtukizwa. Siasa za vyama usiingize hata kidogo, sema hilo siku ya kwanza mbele ya wazee wote.

Fedha wanasoma pia, bajeti, akiba, kodi, bima. Wetu wakati wa msimu wa karafuu wengi wanachuma na wanalipwa, basi hapo ndo pa kulianzia, aandike kapata ngapi kwa wiki na imekwenda wapi. Wakiona wenyewe kiasi kilichokwenda kwenye vocha hawahitaji hotuba.

Mazoezi ya mwili yana vipimo vitano, kukaa na kulala kwa kutumia tumbo, kujivuta kwenye bomba, kukimbia maili moja, kukimbia kwenda na kurudi masafa mafupi, na kunyoosha mgongo ukiwa umekaa. Pima mwanzo wa muhula na mwisho, mtoto ashindane na namba yake mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani mazoezi na kwata tunaviacha, tunafanya uraia na hotuba fupi.

Sasa mambo ya kujilinda nayo, na hapa naomba mnisikilize sana. Usivalishe watoto magwanda wala kitu chochote cha mabaka, sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi na JWTZ walishatoa tangazo kali mwaka 2023 watu wasalimishe nguo zinazofanana na zao. Sie tunavaa sare ya skuli na kitambaa cha kijani mkononi. Bunduki hakuna, hata ya mti. Kule kuna baadhi ya skuli zinafundisha kulenga shabaha kwa bunduki za upepo umbali wa mita 10, ni hiari na zina masharti ya usalama, lkn sio roho ya programu na hutakosa kitu ukiiacha. Kibali kianze kwa mwalimu mkuu kwa maandishi, halafu ofisi ya elimu ya wilaya, halafu sheha, na wazee wasaini kila mmoja kwa mtoto wake.

Na hiari iwe hiari kweli. Mwaka 2022 gazeti la New York Times liliandika kuhusu skuli za Marekani ambako maelfu ya watoto waliingizwa kwenye JROTC bila kuchagua, na lingine zito zaidi, wakufunzi waloshitakiwa kwa kuwadhalilisha wanafunzi wa kike. Msilifumbie macho hili eti kwa sababu tunaipenda programu. Sheria yangu ni watu wazima wawili muda wote, mmoja awe mwanamke, hakuna mkufunzi kukaa na mtoto peke yake, hakuna ujumbe wa simu wa faragha baina ya mkufunzi na mwanafunzi, na kila mzee ana ruhusa ya kuja kukaa na kutazama Jumamosi yoyote bila kuaga. Adhabu za kupiga, kurusha kichura, kugalagaza watoto kwenye vumbi, hizo hakuna. Nimeshaona kikundi kimoja, sikitaji, kilivunjika kwa sababu hiyo na watoto wazuri sana wakaondoka pale na chuki.

Jumamosi yetu inakwenda hivi, saa mbili kamili rejista na ukaguzi wa usafi, kucha, viatu, daftari. Kwata mpaka saa mbili na nusu. Saa moja ya somo lenyewe, ramani au uraia au huduma ya kwanza. Mapumziko, maji na mihogo au chochote meza ya nne walichochangisha. Kisha kazi ya vitendo kwa vikosi vya wanane wanane, na robo saa ya mwisho ni maswali manne, hata kama siku imekwenda vizuri, hapo hasa ndo yanatakiwa. Saa tano na nusu kila mtu anakwenda kwao kujitayarisha na Adhuhuri. Gharama ya kuanzia ni madaftari, kamba mita mia, chaki, vijiti, na ramani moja.

Wiki mbili nyuma nilichelewa tena, safari hii pikipiki ilipata pancha njia ya Vitongoji na simu imezima. Nilifika saa tatu kasoro. Wa kidato cha pili walikuwa wamegawana wanne wanne chini ya muembe ule ule wanapimana hatua kwa kamba, rejista imeshajazwa, na msichana wa ngalawa alinijia akasimama mguu sawa akanambia "Ticha, waliopo ishirini na tisa, wagonjwa wawili, na weye umechelewa dakika hamsini na tano, tumekuandika."